Anayesimama Juu ya Korongo la Farasi

Kara-Jylga, 14 Desemba 2003

Mpendwa Dada Burulcha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Barua hii nampa Kubat wa lifti. Anashuka Bishkek kesho na atamkabidhi yule mhudumu wa treni anayekuletea vifurushi huko Moscow. Kwenye mfuko utakuta aprikoti kavu na uyoga wa msimu uliopita. Uyoga uloweke vizuri, una mchanga.

Theluji imeanguka wiki nzima na lifti ya mlimani imefunguliwa. Uwanja wa mpira umemwagiwa maji ukaganda, na watoto wakitoka shule hawaji kula, wanateleza hapo mpaka walimu nao wanavua makoti na kujiunga. Aizada wangu amejifunza kwenda kinyumenyume, na sasa nyumba nzima imechoka kwa majivuno yake. Mji uko vilevile: nusu wanakodisha skii za kutelezea, nusu wanakodisha vitanda, na kila nusu inaisengenya nyingine.

Chama cha waongozaji kinanitaka nichukue nafasi ya Tilek. Kubat alikuja dirishani kwangu kuniambia: "Kila mti wa kule juu unaujua, shemeji. Tena unaongea Kirusi bila kuwatukana wageni. Mimi hilo limenishinda." Nikamwuliza mama yako. Aliinuka, akafunga kibanda cha skii kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani. Basi nimebaki kwenye dirisha la kukodisha viatu, nanusa soksi za watu.

Mwezi wa pili utatimia mwaka tangu Korongo la Farasi limchukue Tilek, mdogo wako, mume wangu. Najua unataka kuuliza, kwa hiyo nasema mwenyewe: hakuna jipya. Tulitafuta kiangazi chote, wachungaji wakatuazima mbwa, na tulichopata ni ile skii moja. Imamu anasema sala ya ghaibu tuliyomsalia inatosha. Mama anaitikia kwamba inatosha. Kisha Alhamisi inafika, majirani wote wanakaanga mikate ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu wao, na yeye hawashi jiko.

Vinginevyo ni mzima, anakula. Usiwe na wasiwasi.

Wifi yako,
Saikal


Moscow, 6 Januari 2004

Saikal,

Uyoga ulifika, mchanga pia. Ahsante.

Sina muda wa kuandika vizuri, tunashona sare za shule na bosi anazunguka nyuma yetu kama mbwa wa mpakani. Nataka jambo moja tu. Nimepata barua ya Mama. Anaeleza bei ya makaa, anaeleza mbuzi wa jirani yetu Gulbara alivyoingia dukani, halafu katikati, bila kubadili sauti, anaandika hivi: "Tilek anakusalimu. Jana alikuwa kule juu mchana kutwa, mguu unamuuma kwa baridi, amechoka."

Nimeisoma hadi kitambaa kikaungua chini ya pasi.

Wewe unaniambia ni mzima, anakula. Wendawazimu nao wanakula. Unakaa naye, unaamka naye, mnakunywa chai ya birika moja. Anasema na nani? Usinifiche kwa sababu niko mbali. Walio mbali ndio wanaobuni mabaya zaidi.

Burulcha


Kara-Jylga, 25 Januari 2004

Dada Burulcha,

Umesema nisifiche, basi soma ukiwa umekaa.

Watu wanamwona Tilek.

Ilianza theluji ya kwanza, kabla sijakuandikia ile barua, na ndiyo maana ile barua ilikuwa na maneno mengi kuhusu Aizada. Wanafunzi wawili walishuka mbio wakasema juu ya Korongo la Farasi kuna mwokoaji amewazuia. Koti jekundu, mstari wa njano mgongoni, kama lile la kazi la Tilek. Kubat akawaambia hatuna mwokoaji pale. Wakasema, yupo, amenyanyua mkono, hasemi kitu. Wiki iliyofuata ikawa familia moja kutoka Karakol. Halafu daktari wa meno, mtu mzima, asiyekunywa.

Mimi nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Kubat alivua kofia. "Usinikasirikie, shemeji. Mimi nakaa na mashine, siamini vitu. Ila sasa zamu ya jioni nikiwa peke yangu nawasha redio."

Meneja wa lifti anafurahi. Wageni wa Almaty wanapanda na kamera. Wengine hugeuza wakimwona, wengine wanapanda tena kesho yake kwa matumaini ya kumwona.

Jumatano nilipanda mwenyewe wakati wa mapumziko. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bega la mlima. Nikamwona, Dada. Amesimama pale pale ukingoni, anatazama upande wetu, mkono juu. Nikaita jina lake. Mkono ukashuka. Akageuka akateremka upande wa misonobari, goti moja limekunjwa karibu na theluji, ule mtindo wa zamani. Hapa hakuna mwingine anayeteremka hivyo.

Unajua kwamba siku ile hakuvaa koti jekundu. Alivaa la kijivu, jekundu lilibaki nyumbani. Nilirudi nikafungua sanduku chini ya kitanda changu. Koti lilikuwepo, limekunjwa kama nilivyolikunja. Nilipolishika mabegani lilikuwa na unyevu.

Nilikaa chini sakafuni. Mama alikuwa jikoni anakata karoti, nasikia kisu. Kuhusu Tilek hazungumzi nami kabisa, mema wala mabaya. Hayo anayokuandikia, kwangu ni mapya.

Ninafanya kazi, ninapika, ninamsuka Aizada nywele. Lakini nikisikia viatu vya skii kwenye ngazi, nageukia mlango.

Saikal


Kara-Jylga, 20 Februari 2004

Burulcha mwanangu,

Umeniandikia barua ya daktari, si ya binti. Unauliza kama najua leo ni siku gani. Leo ni Ijumaa, umeme umekatika, na wewe una nywele nyeupe na hujajifunza kumwuliza mama yako jambo bila kuzunguka. Mimi nitakujibu bila kuzunguka.

Anayeonekana kule juu ni mimi.

Saikal akienda kazini na mtoto akienda shule, nachukua koti, nachukua skii zangu, napanda kwa njia ya wakata miti. Lifti siitaki, Kubat ana mdomo. Mmesahau kwamba nilikuwa bingwa wa mkoa. Kikombe kiko kabatini, mnakiwekea vifungo. Tilek ni mimi niliyemfundisha, na magoti yangu bado yanakunjika kuliko yako.

Sasa sikiliza. Siku ile zipu ya koti jekundu ilikuwa imekwama. Nikamwambia, liache, nitalitengeneza. Akavaa la kijivu. Alisimama pale juu akimpigia kelele yule mgeni aliyepita kibao cha hatari. Mgeni hakuona mtu. Kubat alisikia sauti, hakuona mtu. Kwenye ukungu, mtu wa kijivu ni ukungu. Akalazimika kumfuata ndani. Mgeni alitokea chini akaenda kunywa chai. Mwanangu hakutokea.

Zipu niliitengeneza jioni ile ile, kabla hatujaambiwa.

Wakimwona bibi kizee ukingoni watacheka na kupita. Wakimwona Tilek wanageuza. Basi nampa kazi yake aifanye. Kuna ubaya gani?

Na yeye huja. Hapo ndipo utaita madaktari, lakini umetaka ukweli. Nikikaa kimya vya kutosha, tunazungumza. Ananilalamikia mguu. Ananiuliza Aizada anasoma nini. Hayupo kama mtu alivyo, ila yupo.

Saikal asijue. Akijua atalala mlangoni kunizuia, na mimi siwezi kumruka mkwe wangu kila asubuhi.

Vaa soksi mbili. Moscow ina unyevu.

Mama yako,
Zuura


Moscow, 6 Machi 2004

Wifi,

Navunja neno la Mama na sioni aibu. Uliyemwona ni yeye. Koti analichukua sandukuni, skii zake zimo kwenye kile kibanda alichokufungia, na anapanda njia ya wakata miti mkiwa hampo. Anataka kuwazuia watu wasiingie Korongoni. Anasema huko juu Tilek anaongea naye.

Nilianza kucheka, kisha nikalia mpaka wenzangu wakazima mashine.

Saikal, huyo ni mwanamke ambaye mwaka juzi alianguka akichuma tufaha. Anapanda peke yake, hakuna anayejua yuko wapi. Siku moja atakaa chini kuzungumza na mwanawe na hatainuka. Tumeshapoteza mmoja mahali pale.

Lichukue koti ulipeleke mbali na nyumba. Usigombane naye, usimwambie umejua, utamvunjia heshima. Bila koti hatakwenda. Mwenyewe amesema hakuna atakayemjali bibi kizee.

Fanya hivyo kabla ya sikukuu ya Nooruz, mlimani watu watakuwa wengi.

Burulcha


Kara-Jylga, 27 Machi 2004

Dada Burulcha,

Telegramu niliyokutumia ilikuwa fupi kwa sababu posta walikuwa wanafunga. Mama yuko hai. Yuko hospitali ya Karakol, nyonga imevunjika. Sasa nakueleza yote.

Nilifanya ulivyoniagiza. Koti nilimpa Kubat, akalifungia kwenye banda la mashine. Mama alifungua sanduku, nilimsikia. Akafunga. Tukanywa chai. Aliniuliza kama unga wa Nooruz nimeshachekecha.

Siku ya sikukuu mji wote ulikuwa mlimani. Mashindano ya watoto asubuhi, mieleka kwenye theluji iliyokanyagwa, muziki kutoka kwenye spika za lifti, na chini kabisa sufuria kubwa ya uji wa ngano iliyochipuka, Gulbara akiwa ameshika mwiko na kuwafokea wote wanaoonja. Mama alikaa kwenye benchi na wanawake wenzake, koti lake jeusi, kitambaa cheupe kichwani. Nilimtazama mara kwa mara. Aizada akaanguka kwenye mbio, nikaenda kumfuta pua, na niliporudi benchi lilikuwa na nafasi. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye nguzo za kati.

Kilichotokea juu nimekipata kwa Sanjar, mchumba wa Meerim, binti wa Gulbara anayesoma Bishkek. Walikuwa wawili, wamepanda kumtafuta "mzuka". Ukingoni wakamkuta Mama na skii zake.

Sanjar akamwuliza, "Bibi, umepotea? Sherehe iko chini."

"Rudini. Theluji imekaa vibaya, chini yake ni tupu."

Meerim akacheka. "Tumekuja kumwona mzuka, tumempata nyanya yake."

"Wewe ni Meerim wa Gulbara," Mama akamwambia. "Mama yako yuko chini anakoroga sufuria. Nikishuka peke yangu nimwambie nini?"

Sanjar anasema hapo yeye alirudi nyuma. Meerim naye aliona haya kidogo, lakini alikuwa ameshajielekeza, na mtu akishaona haya hutaka kuonyesha hakuona. Akaingia.

Mama akamfuata. Kijana anaapa kwamba hajawahi kuona mtu akiteremka vile, kama jiwe lililotupwa. Alimpita msichana, akamgonga kwa bega, akamsukuma chini ya ule mwamba unaotokeza. Halafu mlima ukakohoa. Hivyo ndivyo alivyosema. Ukakohoa, na kila kitu kikaondoka.

Sisi chini tulisikia muziki umekatika. Kubat alikuwa amezima spika asikilize. Sikumbuki nilivyofika juu. Nakumbuka watu wamejipanga mstari na fimbo, wanachoma theluji, daktari wa meno, walimu, meneja na viatu vyake vya ofisini, Gulbara bado ana mwiko mkononi. Mimi ndiye niliyeliona pindo la koti jeusi. Tukachimba kwa mikono.

Uso ulipotoka, alipumua, akasema: "Msichana yuko chini yangu. Mtoeni taratibu, ana kelele."

Meerim amevunjika mbavu. Yu hai. Gulbara analala hospitalini kwenye kiti baina ya vitanda viwili, na simwoni akijua yupi anamwuguza.

Dada, wageni waliomwona Tilek waligeuza. Meerim alimwona bibi akapita. Nalifikiria hilo nikiwa nakunja nguo, nikiwa nakata mkate. Sikulaumu. Nilichukua koti kwa mikono yangu, na nilikuwa nimefurahi kupata kitu cha kufanya.

Saikal


Moscow, 15 Aprili 2004

Saikal,

Usiibebe hiyo. Nilikuwa na cherehani mbele yangu na ukuta nyuma yangu, na nikaona najua theluji ya huko kuliko mama aliyekulia ndani yake. Wewe ulitii mkubwa wako. Basi.

Nimemwandikia Mama mara mbili. Karatasi zote mbili nimezichana. Mwambie nimevaa soksi mbili.

Burulcha


Kara-Jylga, 30 Juni 2004

Dada,

Amepatikana.

Nilitaka uisome kwa mkono wangu ingawa telegramu imetangulia. Wachungaji wamepanda malisho ya juu, mahema ya sufu yameshasimama, na watalii wa farasi wameanza kupita na kofia zao kubwa. Mke wa Asanbek alikwenda kuchota maji kwenye kijito chini ya Korongo, pale theluji iliyoporomoka mwaka jana haikuyeyuka kiangazi kilichopita. Akaona kitambaa cha kijivu. Hakupiga kelele. Alimtuma mumewe mjini, akavua mtandio wake akamfunika uso, akakaa naye. Tulipofika alikuwa bado amekaa, anamfukuzia nzi kwa tawi.

Nilimtambua. Zaidi ya hapo sitaandika.

Tulimzika kesho yake, usingewahi hata kwa ndege. Tulisimamisha hema uani. Wanawake wakakaa kwa kuelekea ukuta wa hema, kama desturi ilivyo, nami nikageuza uso wangu pamoja nao, nikalia kwa sauti mara ya kwanza. Mwaka ule tulipomsalia bila mwili nilikuwa nalia kama mtu anayeigiza, naogopa atafungua mlango anikute.

Mama alikataa kiti. Alisimama kwa magongo akamwimbia maombolezo mwenyewe. Hakumtaja kama bingwa wala mwokoaji. Alimtaja kama mtoto aliyekataa maziwa, aliyeogopa bata, aliyeficha viatu ili asiende shule.

Alhamisi aliwasha jiko. Alikaanga sinia zima la boorsok, ile mikate ya marehemu, akafungua madirisha yote, akakaa na moshi wa mafuta usoni. Sikuingia.

Watakuja watu wengi siku ya arobaini. Kubat anasema atakupokea Bishkek ukiweza kuja. Jaribu.

Saikal


Kara-Jylga, 18 Oktoba 2004

Burulcha mwanangu,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Ulikaa muda mfupi na ukaacha kitana chako, nimekiweka. Vile ulivyonikatia nywele, Gulbara ananicheka, lakini yeye sasa anacheka kila kitu nyumbani kwangu, anakuja asubuhi na jioni kama daktari. Meerim ameolewa na Sanjar. Nilipelekewa nyama ya heshima, sehemu wanayopewa wazee wa kiume. Niliila.

Tufaha zimechumwa. Wageni wa baiskeli wamekwisha, wa skii bado. Huu ndio wakati mji unasikia pumzi zake mwenyewe. Koti jekundu nimelikata, Aizada amepata kizibao. Saikal aliniangalia nikiingiza mkasi, akatoka nje, akarudi, akanishikia kitambaa kisiteleze.

Nimempa ufunguo wa kibanda. Aongoze wageni, ndiyo kazi anayoijua. Nilimnyima kwa sababu kule juu palikuwa pangu.

Sasa nitakuambia kitu, usikijibu. Nilidhani tukimzika nitapumzika. Watu wote wanasema, sasa umepumzika, Mama Zuura. Kutembea naweza kidogo. Mwezi uliopita Kubat alinipandisha kwa lifti, ameniweka kitini na blanketi kama gunia la viazi. Nikakaa ukingoni mpaka akaanza kuangalia saa. Nilinyamaza kama ninavyojua kunyamaza. Hakuja. Nikasema, Tilek, ni mimi. Upepo tu na kunguru.

Amepumzika yeye, basi. Ni jambo jema kwa marehemu, imamu amenieleza vizuri. Lakini mwanangu, nilikuwa nimeshamzoea.

Mama yako,
Zuura


Kara-Jylga, 23 Januari 2005

Dada Burulcha,

Mama anaendelea vizuri. Anawafundisha watoto wadogo kwenye kile kilima nyuma ya shule, amekaa kwenye kiti cha kukunja na gongo lake, anawagonga magoti wasiokunja. Wazazi wanamwogopa kidogo, watoto hapana.

Naongoza wageni tangu Desemba. Wengi wanaona ajabu kuongozwa na mwanamke mpaka tunapoanza kuteremka.

Korongo sasa lina kamba, na mbao mpya za tahadhari, na siku zote za ukungu kuna mtu amesimama pale. Halikuamuliwa na mtu. Gulbara alianza, alipanda na chupa yake ya chai na mbegu za alizeti, akampigia filimbi kila aliyemwona, hata kunguru. Kisha Sanjar. Kisha walimu. Daktari wa meno huja kutoka Karakol siku zake za mapumziko. Tunapokezana, na hatuvai koti la mtu yeyote. Tunawaambia wageni majina yetu na kuwauliza majina yao. Wanageuza. Kubat anasema amekuwa mwendesha lifti pekee duniani anayepandisha majirani kwenda kusimama.

Ninachotaka kukuambia hakimhusu mtu mwingine, na nakuomba Mama asikijue. Anakaa dirishani kila alasiri ukungu ukishuka. Hasemi anasubiri nini. Nikirudi anatazama uso wangu kwanza, kabla ya theluji ya viatuni, na mimi nazungumza haraka kuhusu wageni, nani kaanguka, nani kapoteza miwani. Akijua, sijui kama atafurahi au kitamchinja.

Juzi ilikuwa zamu yangu. Mchana, baada ya kundi la mwisho kushuka. Ukungu ulikuja kutoka Korongoni, ukafunika kamba, halafu mikono yangu. Lifti ilikuwa imesimama. Nikasikia skii zinakuja nyuma yangu, polepole, mtu anayepanda ubavu bila kuhema, anayeijua njia. Nilifungua mdomo niseme, Korongo limefungwa, rudi. Hazikuwa zinakwenda Korongoni. Zilifika karibu na mimi zikasimama, na theluji ikalia kidogo, kama inavyolia mtu akihamisha uzito wa mwili aupumzishe mguu mmoja.

Sikugeuka. Nimekuwa nikijiuliza tangu juzi kwa nini sikugeuka, wakati mwaka jana nilimwita kwa sauti. Sikuwa na hofu. Nilijua tu kwamba yuko zamuni na mimi niko zamuni.

Ukingo ni mwembamba pale. Nilisogea kidogo, nikampisha.

Wifi yako,
Saikal